Atakachobeba Kwanza

Mtu wa bati alikuwa ameangalia ukuta. Severina alikuwa na hakika ya hilo, kwa sababu ni yeye aliyemgeuza jana yake jioni, akamwelekeza uso ukutani kama mtoto mtundu wa darasani, maana yale macho yake ya misumari yalikuwa yanamkera. Sasa ilikuwa asubuhi, ukungu wa mwezi wa saba umeilalia Mbeya yote hata mlima Loleza hauonekani, na mtu wa bati alikuwa ameangalia kitanda cha mtoto.

"Baba Lea, umemgusa huyu?"

Joachim hakuinua uso kutoka kwenye uji wake. "Springi yake imelala, Mama Lea. Atajigeuzaje? Labda panya."

"Panya wa kugeuza kitu bila kukiangusha?"

"Basi ni panya fundi. Nitamtafutia kazi gereji."

Severina alicheka kidogo, kwa sababu alitaka kucheka. Lakini chumba kilikuwa kinanuka, na haikuwa harufu ya uji wala ya mkojo wa mtoto. Kilinuka dizeli, na sufu iliyolowa mvua.

Sanduku la mtu huyo lilikuwa limefika siku chache nyuma. Alilileta Mama Evarista kutoka Mbalizi, kichwani, mwenyewe, akiwa bado na nguo nyeusi za msiba. Mwanawe Crispin alikuwa fundi wa malori pamoja na Joachim, marafiki wa kula sahani moja, mpaka siku bodi la lori la tipa liliposhuka likamkuta yuko chini yake. "Crispin asingependa likae kwa mtu mwingine," yule mama alisema, akalitua sakafuni, akakataa chai, akaondoka.

Crispin ndiye aliyemtengeneza mtu yule, kwa makopo ya maziwa na mtambo wa saa mbovu ya mezani. Mgongoni alikuwa na safu ya matundu, na sandukuni mlikuwa na vijiti, kila aina imechongwa kivyake: cha kwenda mbele, cha kugeuka kushoto, cha kulia, cha kuinua mikono, cha kuishusha. Kulikuwa na mbao zilizochorwa miraba, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia, na juu yake ushanga ambao mtu wa bati alitakiwa aufuate, auchukue, aupeleke kwenye kitundu chake. Unapanga vijiti vyote kwanza. Halafu unafungulia springi, na hapo huruhusiwi kugusa tena, unakaa unatazama. Naye hafanyi ulichotaka, anafanya ulichopanga. Ukikosea kijiti kimoja anakwenda kugonga ukingo, tik, tik, tik, anatembea papo hapo hajui kwamba amekwama, na wewe unatamani kumtupa dirishani.

Lakini humtupi. Severina mwenyewe alionja, mchana mmoja Lea akiwa amelala, akapanga, akakosea, akapanga, na mtu wa bati alipobeba ule ushanga akauangusha kitunduni kwa sauti ndogo kama tone la maji, alisikia utamu ambao hakuwa ameusikia tangu hesabu za jiometri sekondari kule Iringa. Alipokuja kukumbuka maharage, sufuria lilikuwa limeungua.

Kwa hiyo hakumlaumu mume wake mara moja. Joachim alikuwa baba mwema. Kila jioni alipotoka kazini, Lea alijikokota mpaka mlangoni, akanyoosha mikono, na Joachim akambeba hata kabla ya kuvua viatu, na mafuta yake ya gereji yote. Ndipo akaenda kwenye sanduku.

Kitu cha pili kuharibika kilikuwa uzito wa mtoto. Severina alikigundua kwa mgongo wake, maana mgongo wa mama una mizani yake: kitenge hakikuvuta. Alipompeleka kliniki, nesi alimning'iniza kwenye mizani, akatazama, akagonga mizani kwa kidole, akamning'iniza tena. Kisha akamuuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Mama, huyu mtoto anakula kweli?" Alikuwa anakula, alikuwa anakula kuliko siku zote. Na kwapani, pande zote mbili, pale watu wanapomshika mtoto wakimbeba, kulikuwa na mabonde mawili madogo, ya baridi, kama yamekandamizwa na ncha za kijiko.

Mchana wa siku iliyofuata ukungu ulirudi mzito, ukaingia mpaka uani, na Severina alikuwa amechuchumaa kwenye jiko akipepea mkaa aliposikia tik, akadhani ni mkaa, akasikia tik tena, akainuka, akasogea mlangoni na pepeo bado mkononi, na pale sakafuni, mbali na ubao, mbali na sanduku, bila kijiti hata kimoja mgongoni mwake, mtu wa bati alikuwa anatembea, hatua, hatua, akageuka kushoto kuupita mguu wa meza kama anaujua, hatua nyingine, na ile harufu ya sufu iliyolowa ikamtangulia, mpaka akafika kwenye mkeka alipokaa Lea, akasimama, akainua mikono yake miwili ya bati, na Lea akacheka, akainua yake, vilevile anavyomwinulia baba yake jioni.

Alimnyakua mtoto kwa nguvu ya mtu anayebeba mtoto wa mwaka mmoja, na nusura amrushe, kwa sababu mikononi alikuta uzito wa kibuyu kitupu.

Jioni hiyo alimsimulia Joachim kwa kunong'ona, maneno yakimkimbia. Joachim alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao wa mwisho, ule ambao hata Crispin hakuna aliyemwona akiumaliza.

"Umechoka, Mama Lea," alisema. "Mimi nimebakiza kidogo tu hapa. Nimeshajua kosa liko wapi."

Baada ya hapo aliacha kumbeba mtoto. Haikuwa kwa ubaya, alimsahau tu. Aliingia, akampita Lea pale mlangoni mikono ikiwa juu, akaenda moja kwa moja akambeba mtu wa bati. Alipanga, akalaani, akapangua. Alikuwa analala na kijiti mdomoni. Na Lea, katika siku hizo hizo za kusahaulika, akaanza kurudi. Mashavu yakajaa, kitenge kikavuta. Mtu wa bati ndiye aliyeanza kuliwa: kutu ilimpanda miguuni, sikio moja likadondoka kama ganda la karanga.

Severina hakuyaunganisha mambo hayo. Aliona tu mtoto wake amesimama mlangoni akimnyooshea mikono mgongo wa mtu, ikamuuma, akasema yote, kwamba huyu ni mtoto au ni gunia, kwamba hata mbwa hupokelewa. Joachim akaona haya kweli. Kesho yake alipofika alimwinua Lea juu, akamzungusha, akambusu. Na asubuhi Lea hakuweza kukaza shingo yake.

Hapo ndipo Severina alipokaa chini, mtoto kifuani, akafanya kile unachofanya vijiti vinapokwama: unarudi nyuma, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kijiti kwa kijiti, mpaka ukikute kilichokosewa. Leo hana shingo. Jana alibebwa. Alipopona hakubebwa. Alipougua alibebwa. Na siku ambazo hakubebwa yeye, kilichobebwa kilikula kutu.

Alifunga mtoto mgongoni, akasimamisha lori la viazi, akaenda Mbalizi.

Mama Evarista alikuwa nyuma ya nyumba anaanika mahindi. Hakushangaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Nilifikiri utakuja kuniita kwenye msiba."

Severina aliketi pale pale kwenye vumbi. "Amekukosea nini mtoto wangu?"

"Mtoto hajanikosea." Yule mama aliendelea kutandaza mahindi kwa kiganja. "Pale gereji fundi akiingia chini ya bodi la tipa anavua kofia yake, anaitundika kwenye liva ya kushushia bodi, ndani ya keboni ya dereva. Kofia ikiwepo, hakuna mtu anayegusa liva. Kofia ya mtu haitolewi ila na mwenyewe. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Baba Lea alinieleza."

"Siku ile kulikuwa na manyunyu. Mumeo alitaka kwenda kunywa chai ng'ambo ya barabara, akaona asilowe kichwa. Akaichukua kofia ya mwanangu, ile ya sufu; muuza chai alimwona nayo kichwani. Manyunyu tu, mama. Yotamu, fundi mwenzao, akaja, akachungulia, hakuona kofia, akavuta liva. Na tulipofika kumtoa Crispin, kofia ilikuwa imesharudi mahali pake, tena imelowa chapachapa, ndani ya keboni kavu. Yotamu amefukuzwa kazi, watu wanamwita muuaji. Mumeo alibeba jeneza upande wa mbele."

Severina aliisikia ile harufu ya sufu iliyolowa puani, hapo juani.

"Nilikwenda Usangu kwa mganga mmoja, Malimi," Mama Evarista alisema. "Nikamwambia nataka kiuawe kile mumeo anachokipenda. Akanicheka. Akasema jini halijui kupenda wala kisasi, linajua kazi, lipe hatua. Basi nikafikiri. Mwanangu alikuwa akirudi anabeba mtoto wake kabla ya kuvua viatu. Nikaona kila baba ni hivyo. Nikaliambia: kaa katika bati hili, na kitu atakachobeba kwanza Joachim akifika kwake, ukile kidogo kidogo, mpaka kiishe."

"Na kikiisha?"

"Sikuliambia."

Severina alimfungua Lea, akampakatisha yule mama bila kuomba. Mama Evarista alimpokea, na mikono yake, iliyokuwa imejiandaa kwa uzito wa mtoto, ikapanda juu yenyewe. Alipomrudisha alimrudisha haraka, kama aliyeungua, akaingia ndani, akatoka na kijiti cheusi.

"Hiki ni cha kusimama. Crispin alikichonga, mimi nikakificha. Kikichomekwa, yule hatatembea tena milele, na jini litatoka. Lakini mkono ulioitoa kofia ndio ukichomeke, jioni, kabla haujabeba chochote."

Joachim alimkuta mke wake amesimama katikati ya mlango, jiko limewaka nyuma yake, mtu wa bati juu ya kigoda, Lea mkekani. Nje giza lilikuwa bado halijashika.

"Usibebe kitu," Severina alinong'ona. "Chochote. Sikiliza kwanza." Akamwambia yote, kofia, manyunyu, Usangu. Joachim hakukana. Alitazama viatu vyake tu, uso umekuwa kama majivu. Severina alikuwa amejiandaa kumchukia, na bado alimhurumia. Akamwekea kijiti kiganjani. "Mchomeke sasa hivi. Yaishe. Kesho twende kwa Yotamu."

Joachim alikigeuzageuza. "Nikikichomeka, hatatembea tena?"

"Hatatembea."

"Kabisa?"

Alimtazama mtu wa bati, akatazama ubao wa mwisho ulivyopangwa pale chini, na Severina akaona macho yake yanahesabu miraba. "Mama Lea, leo gereji nimeliona kosa. Ni kijiti cha kushoto, kinatakiwa kije kabla ya kuinua. Nikijaribu mara moja tu, leo, halafu—"

"Ukimbeba huyo kujaribu, ataliwa. Amebaki kutu tupu, hatafika hata mwisho wa ubao."

"Ndiyo," Joachim alisema. "Ndiyo. Najua."

Na Lea, aliyesikia sauti ya baba yake, akanyoosha mikono kutoka mkekani, akalia kidogo, na Joachim akamgeukia, akampita mke wake, akainama, na alikuwa anasema kwa upole, kwa sauti ile ile ya siku zote, "Nimbebe yeye leo tu, mara moja haitamuua, kesho nakichomeka, naapa," na vidole vyake vikaingia kwapani kwa mtoto, kwenye yale mabonde mawili, vikaenea barabara.

Severina hakukumbuka baadaye jinsi alivyovuka chumba. Alikumbuka mtoto ameshafika kifuani kwake kabla baba yake hajamnyanyua mkekani, na mkono wake mwingine ukimsukumia Joachim mtu wa bati tumboni, na Joachim akimkumbatia asianguke, kwa mikono yote miwili, jinsi ambavyo hakuwa amemkumbatia mtu katika nyumba hii kwa muda mrefu. Bati likalia. Kutu ikamwagika.

Kijiti cheusi kilikuwa kimedondoka sakafuni. Severina alikiokota. Joachim alimwona, akaelewa, akanyoosha mkono.

"Mama Lea. Nipe. Nitakichomeka kesho."

Severina akakiweka katikati ya mkaa, akaupepea mpaka moto ukakila chote.

Mvua za kwanza zilimkuta Severina ameshamwacha Joachim, yuko kwao Mlandege, Iringa, Lea akikimbiza kuku wa bibi yake, mzito kiasi cha kumvunja mtu mgongo. Timotheo, dereva wa malori aliyefahamiana na Joachim pale gereji, alipita akitokea Mbeya, akakaa uani na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Shemeji, sijui nianzeje. Nyumba ya Baba Lea haina kitu. Yule mtu wa bati aliisha zamani. Kikafuata kigoda, kikafuata meza, kitanda, sufuria. Kila anachobeba. Sasa hakuna cha kubeba. Juzi nilimchungulia dirishani jioni, amefika kutoka kazini, amesimama katikati ya chumba kitupu, akajikumbatia mwenyewe, hivi. Mikono imebaki kama fito. Na kuna kitu kinatembea mle ndani, shemeji, nimekisikia, tik, tik, na bati hakuna. Alinisikia nje. Akaniomba nikuulize kama kile kijiti kinaweza kuchongwa kingine."

Severina alimwinua Lea, akamweka pajani, akampangusa vumbi miguuni kwa ncha ya kitenge, mguu mmoja, halafu wa pili.

"Mwambie ajaribu," alisema. "Mara moja tu."