Kengele Iliyolia Kabla ya Saa

Kila siku baada ya masomo, wanachama wa klabu ya kompyuta waligombania kompyuta ya dirishani, ile ambayo kibodi yake haikwami. Zamani hapakuwa na ubishi: ilikuwa ya Chiriku. Walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Tena klabuni hakuna aliyemfikia kwa kuandika programu. Kisha binamu yake, mtoto wa mama mdogo, akahamia kwao na kuandikishwa shule hiyohiyo. Huyu hakuwa na maneno mengi, basi watoto wakamwita Kimya.

Wivu ulianza nyumbani. "Muone mwenzako anavyokunja nguo," mama alisema. "Muone mwenzako anavyoosha vyombo bila kutumwa." Chiriku alitamani kuuliza kama kuna kitu chochote ambacho huyo mwenzake hakiwezi. Hata choo alikisafisha huku akiimba, jamani! Chiriku akajipoza moyo kwamba klabuni, angalau, yeye ndiye yeye.

Klabu ilikuwa ikiandika programu ya kupiga kengele ya shule. Kila mtu alipohifadhi kazi yake, kompyuta ilitunza toleo jipya na kulipatia kitambulisho, msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Hakuna aliyejisumbua kuandika msururu wote. Alama chache za mwanzo zilitosha kuliita toleo.

Ijumaa, mwalimu wa kompyuta aliandika ubaoni: b7da.

"Hili ndilo litakalopiga kengele Jumatatu, wanafunzi wakubwa wakifanya mtihani wa majaribio," alisema. "Ni la Kimya. La Chiriku ni zuri, ila linawahi kwa dakika kumi."

Watoto wakapiga makofi. Chiriku naye alipiga, lakini roho ilimuuma. Yeye ndiye aliyeianza kengele hiyo, na leo amekuwa wa kushangilia watu.

Wenzake walipotoka, alijifanya anafunga madirisha. Alikumbuka jambo walilofundishwa: ukiipa kompyuta alama chache, kwanza hutafuta kama kuna lebo yenye jina hilo iliyobandikwa na mtu. Ikikosa lebo, ndipo hutafuta kwenye vitambulisho. Basi akalibandika lebo toleo lake lenye kasoro, na lebo hiyo akaiita b7da. Hakufuta kitu wala hakugusa kazi ya Kimya, na njiani alijiambia kwamba kwa hiyo hajakosa.

Jumatatu mwalimu aliita b7da. Kompyuta ikaleta toleo la Chiriku, na kwa haraka za asubuhi mwalimu hakutambua. Kengele ikalia mtihani haujaisha. Msimamizi akakusanya karatasi, wakubwa wakalalamika, na mwalimu mkuu akaja klabuni amekunja uso.

"Nani kaandika programu hii?"

"Mimi, mwalimu," Kimya alijibu.

"Basi kuanzia leo sikutaki humu. Mitihani ya watu si mchezo."

Kimya hakujitetea. "Samahani, mwalimu. Labda nilikosea hesabu." Akaanza kukusanya vitu vyake, macho yamemjaa machozi.

Chiriku alidhani atafurahi. Si hili alilokuwa akilitaka? Furaha haikuja. Kimya alikuwa akijilaumu kwa kosa lisilo lake, na aliamini kabisa kuwa ni lake.

"Mwalimu, si yeye," alisema. Leo maneno yalimgomea. "Ni mimi. Nilibandika lebo." Akaeleza yote huku akitazama viatu vyake.

Mwalimu wa kompyuta akaiondoa lebo na kuita tena b7da. Safari hii likaja toleo la Kimya, pamoja na maelezo yake.

"Soma hapa," alimwambia Chiriku. "Limetokana na toleo gani?"

Chiriku akasoma, akarudia kusoma. Lilitokana na lake. Mistari yote ilikuwa yake, isipokuwa mmoja tu, ule uliorekebisha zile dakika kumi.

"Nilidhani unajua," Kimya alisema akifuta machozi. "Mimi nisingeweza kuianza."

Mwalimu mkuu alimrudisha Kimya klabuni na kumwomba radhi. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, umeonea wivu kazi ambayo nusu ya sifa zake ni zako. Tena umewaumiza watu wasiohusika. Ukiona mwenzako amekupita, muulize amefanyaje. Hapo utapata kitu. Ukimwangusha, utabaki na kasoro yako ileile. Sasa nenda ukawaombe radhi wakubwa, mtihani utarudiwa."

Chiriku alikwenda, akazomewa kidogo, akarudi. Wivu haukuwa umeisha wote. Bado ulimchoma alipomwona Kimya amekaa mbele ya ile kompyuta ya dirishani. Hata hivyo alivuta kiti akaketi kando yake.

"Hebu nionyeshe huo mstari," alisema. "Na usithubutu kuniambia ulikuwa rahisi."