Kovu la Bibi Harusi

Kila Jumamosi asubuhi Prudencia alifagia studio ya mama yake mdogo, akafuta vumbi kwenye fremu za picha, kisha akawasha kompyuta. Studio yenyewe ilikuwa Buswelu, chumba kimoja kilichotazamana na barabara. Prudencia alikuwa darasa la sita. Wazazi wake walikuwa Muleba, naye aliishi na mama mdogo Felicitas ili asome Mwanza.

Felicitas hakuanzia kwenye kamera. Zamani alikuwa fundi cherehani Mabatini, akishona magauni ya harusi. Huko ndiko alikozoea kuwasikiliza mabibi harusi wakijitazama kwenye kioo, huyu akiifurahia shingo yake, yule akimhofia mama mkwe. Aliponunua kamera ya mtumba, alihama na tabia hiyo. Hakupiga picha za harusi yoyote kabla ya kukaa na wenyewe na kuwauliza wangependa kukumbuka nini.

Dorcas wa Buhongwa alipokuja kwa mazungumzo hayo, Prudencia alikuwa amekaa pembeni akicheza gemu kwenye simu. Sauti aliisikia, maneno yakampita.

Baada ya harusi, Felicitas alimwachia Prudencia kazi ya kuchagua picha zilizotoka vizuri, yeye akaenda kupiga harusi nyingine. Prudencia aliona kwamba shavu la kushoto la Dorcas lilikuwa na kovu pana la moto, akamwonea huruma. Kwa kuwa alikuwa hodari wa kompyuta, alilifuta kwenye picha moja, kisha nyingine, mpaka zote zikaisha. Hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi.

Dorcas alipokuja kuzitazama, alikaa akitabasamu. Alifungua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, na tabasamu likamtoka.

"Huyu si mimi," alisema taratibu.

Felicitas alimgeukia Prudencia bila kufoka, akamuuliza nani amezigusa zile picha. Prudencia alitaka kuisingizia kompyuta, lakini alipoyaona macho ya Dorcas yamelowa, alishindwa.

"Ni mimi, mama mdogo. Nilidhani dada atafurahi."

Dorcas alijifuta macho. Kisha akamweleza kwamba alipokuwa mdogo jiko la nyumba yao lilishika moto, na mama yake akaingia ndani kumtoa. Mama huyo sasa alikuwa amefariki.

"Nikiliona kovu hili namkumbuka," alisema. "Siku ya harusi hakuwepo kanisani. Ndiyo maana nilimwomba mama yako mdogo asiliguse."

Prudencia aliomba radhi huku akilia. Felicitas naye aliomba radhi kwa kutozikagua picha kabla ya kumwita mteja. Bahati nzuri, picha za awali alikuwa amezihifadhi. Mchana ule Prudencia alizichagua upya mwenyewe, na ile iliyoonyesha shavu la kushoto kwenye mwanga wa dirisha wakaichapa kubwa. Dorcas aliitazama kwa muda mrefu.

"Sasa hii ndiyo harusi yangu," alisema.

Alipoondoka, Felicitas alimketisha Prudencia karibu naye.

"Moyo wako ulikuwa mzuri, mwanangu, lakini uliamua jambo la mtu bila kumuuliza. Picha hizi si zetu, ni za mwenye sura. Ukitaka kumsaidia mtu, msikilize kwanza ujue anataka nini, hata kama wewe unaona tofauti."