Koti Jeupe la Daktari wa Pua

Bakili alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mbele ya nyumba aliyopanga na mkewe, Kuruthumu. Kila asubuhi Kuruthumu alikaanga vitumbua uani. Harufu ilijaa nyumba nzima, lakini Bakili hakuisikia. Aliwahi kupigwa kiwiko akicheza mpira Jangwani. Mfupa wa pua ukakaa upande, tundu moja likaziba kabisa, la pili likabaki kupitisha pumzi kidogo tu. Usiku alikoroma mpaka wapangaji wenzake wakagonga ukuta.

Hayo yote alikwisha yazoea. Kuchekwa ndiko kulikomshinda.

Ng'ambo ya mtaa palikuwa na studio ya Benjamini, mpiga picha. Benjamini alikuwa mtu wa Songea na Bakili mtu wa Tunduru, kwa hiyo walikuwa watani. Siku moja Bakili alikwenda kupiga picha ya kumpelekea mama yake kijijini.

"Sogea nyuma, mtani," Benjamini alisema, jicho kwenye kamera. "Sogea tena. Pua imeingia yote. Sasa tunakutafuta wewe."

Watu waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Bakili naye akacheka, maana kwa mtani huruhusiwi kununa. Lakini maneno yale yalimkaa rohoni.

Miaka ile vijana wa mjini walikuwa na mambo yao. Walianza na suruali za bugaluu, pana miguuni. Wakaja na viatu vya raizoni, vyenye soli nene. Kisha wakafika kwenye pua. Wanaume wale wale waliowafokea wake zao kwa kununua poda, sasa waliingia mmoja mmoja katika chumba kimoja nyuma ya soko, wamevaa miwani ya jua, wakitazama huku na huku. Walitaka pua nyembamba, iliyonyooka. Mimi sina ugomvi na mwanamume anayetaka kupendeza. Uso ni wake. Ugomvi wangu ni na yule aliyekuwa akiwasubiri mle chumbani.

Yule aliitwa Bushiri. Hakuna aliyejua alikotoka. Juu ya mlango wake palikuwa na kibao: DAKTARI BUSHIRI, PUA NA SURA. Ndani alivaa koti jeupe, limepigwa pasi vizuri. Ukutani alibandika picha za wanaume, mbili mbili. Picha ya kwanza, pua pana. Picha ya pili, mtu yule yule, pua imenyooka.

Bakili naye alipokwenda huko, alizitazama picha zile kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alipata wateja kwa nguo alizotundika barazani. Mtu akiona shati limekaa vizuri, anasema nami nishonee kama lile. Basi Bakili akachagua daktari wa kumtia sindano usoni kwa njia ile ile ambayo watu huchagua fundi wa mashati.

"Sindano moja tu," Bushiri alimwambia. "Huumwi, hulali hospitali. Njoo Jumamosi. Na kwa kuwa wewe ni fundi, utanilipa kwa kunishonea suti ya Kaunda."

"Daktari, tundu hili limeziba. Je, nitapumua vizuri?"

"Unataka kunifundisha kazi?" Bushiri akasema kwa ukali.

Bakili akaomba radhi. Hebu fikiri! Mgonjwa ameuliza habari za pua yake mwenyewe, halafu yeye ndiye anayeomba radhi.

Ijumaa jioni Bakili alimweleza mkewe. Kuruthumu alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Nani kakwambia pua yako mbaya?"

"Watu wanacheka."

"Watu! Hao watu ndio wanaolala na wewe? Mimi ninayelala na wewe nalalamikia mkoromo, sijalalamikia sura. Tena nani huyo wa kukuchoma?"

"Daktari Bushiri."

Kuruthumu aliinuka, akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa chumba cha mbele. Humo aliishi Mama Euphrasia, nesi wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya mjini. Ndio kwanza alikuwa amerudi kazini na hata viatu hajavua.

"Shikamoo, Mama Euphrasia. Nisaidie. Mume wangu anakwenda kuchomwa pua kesho."

"Marahaba. Wapi?"

Alipotajiwa mahali, Mama Euphrasia alitoka mpaka barazani. Bakili alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, na Benjamini ameketi kando, anakunywa kahawa. Mama Euphrasia hakusalimu mtu.

"Wodini kwetu amelazwa kijana mmoja," alisema. "Jina lake sitalitaja, ni siri ya mgonjwa. Ni mhudumu wa hoteli. Alichomwa sindano ya pua katika chumba hicho hicho. Tulimwuliza, dawa gani ulitiwa? Hajui. Hakuambiwa. Ngozi ya ncha ya pua imekuwa nyeusi. Imekufa. Madaktari wataikata ili wamwokoe. Anatuuliza kila siku kama itaota tena."

Kahawa ya Benjamini ilipoa mkononi.

"Bakili, pua iko karibu na macho na ubongo. Dawa ikiziba mshipa, unaweza kupofuka. Uchafu ukiingia, unaweza kufa. Sasa niambie, ulijuaje kwamba huyu mtu ni daktari?"

"Ana koti jeupe, mama."

"Koti kalitoa wapi?"

Bakili aliitazama cherehani yake.

"Nimelishona mimi," alisema. "Alipohamia mtaa huu aliniagiza makoti mawili."

"Kumbe! Na nini kingine?"

"Picha. Zinaonyesha watu kabla na baada."

Hapo Benjamini alisimama. "Picha za wanaume, mbili mbili? Nyuma pana pazia la maua?"

"Ndiyo, pazia kama lako."

"Ni langu! Alileta vijana, akasema ni ndugu zake. Nikawapiga. Halafu akaniomba nizirekebishe pua zao. Nilizirekebisha kwa penseli, mtani. Tunafanya hivyo kila siku, kuondoa chunusi na makovu. Nilichora kwenye filamu kwa penseli! Hakuna mtu aliyechomwa sindano pale!"

"Na kibao kakichora nani?" aliuliza Kuruthumu.

"Yule mchora vibao wa hapo kona," Bakili alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi daktari huyu mmemtengeneza ninyi," Kuruthumu akasema. "Fundi kampa koti. Mpiga picha kampa wagonjwa. Mchora vibao kampa cheo. Halafu mnakwenda kumwinamia!"

Mimi niliposikia habari hii hasira zilinipanda, na mpaka leo hazijashuka. Mtu anakuja mikono mitupu, anavishwa udaktari na mtaa mzima, halafu anautumia kuwachoma watoto wa mtaa huo huo.

"Mimi nifanye nini, mama?" Bakili aliuliza. "Kweli sipumui."

"Kutopumua ni ugonjwa, na dawa yake ipo," Mama Euphrasia alisema. "Hata kutaka pua inyooke si dhambi. Lakini daktari wa kweli utamjua. Amesajiliwa, na ukitaka cheti chake haoni haya kukuonyesha. Anapasua hospitali, si chumbani nyuma ya soko. Anakuuliza maswali kabla hujamwuliza wewe. Una pumu? Damu ikitoka inakoma upesi? Unatumia dawa gani? Anakwambia faida na hatari. Anakwambia pia yale asiyoyaweza. Na hakuharakishi. Akikwambia njoo kesho, huumwi, ondoka."

Jumamosi Bakili alikwenda kwa Bushiri kama walivyoagana. Ila hakwenda peke yake. Alikwenda na Kuruthumu, Benjamini, na balozi wao wa nyumba kumi, aliyesimamia mambo ya mtaa. Wanaume kadhaa walikuwa wamekaa kwenye benchi, miwani ya jua machoni. Bushiri alikuwa ameshika sindano na chupa ndogo.

"Cheti chako cha kusajiliwa kiko wapi?" Bakili aliuliza.

"Nini tena? Mbona umekuja na wanawake?" Bushiri alifoka.

"Mwanamke nipo, na ninauliza," Kuruthumu alisema. "Ndani ya hiyo chupa mna nini?"

"Dawa ya Ulaya. Huwezi kuielewa."

"Niambie hivyo hivyo, nisielewe."

Benjamini akaingia, akabandua picha moja ukutani, akawaonyesha wale wa kwenye benchi. "Hii ni penseli yangu, ndugu zangu. Atakaye pua hii aje studio kwangu. Haiumi."

Mmoja akainuka. Wa pili akainuka. Benchi likabaki tupu. Bushiri akaanza kufunga mkoba wake, lakini balozi alikwisha simama mlangoni, na kijana mmoja wa mtaa alikwisha tumwa kituoni kuita polisi.

"Kabla hujaondoka," Bakili alimwambia, "vua koti langu."

Akalivua. Chini ya lile koti alikuwa mtu kama watu wengine, fulana imetoboka kwapani.

Bushiri alifungwa. Chumba kilipigwa kufuli. Lakini yule mhudumu wa hoteli hakurudishiwa ncha ya pua yake. Hotelini nako walimhamishia jikoni, wageni wasimwone. Kifungo gani kinatosha kulipa jambo hilo? Nionyesheni.

Bakili alikwenda hospitali, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alipanga foleni. Daktari alimwangaza ndani ya pua kwa kurunzi, akauliza mengi. "Nitaunyoosha mfupa unaoziba tundu," alisema. "Pua itanyooka kidogo, lakini itabaki pana, maana ndivyo ulivyozaliwa. Utavimba kwanza. Rudi nyumbani, kazungumze na mkeo, kisha uniambie." Bakili alishangaa. Hapa ndipo alipoulizwa kwa mara ya kwanza anataka nini.

Alipasuliwa. Alivimba kama alivyoambiwa, akapona kama alivyoambiwa. Lile koti jeupe alilifua, akalikata, akashona foronya za mito. Wapangaji wakaacha kugonga ukuta.

Asubuhi moja alivuka mtaa kwenda kupiga tena picha ya kumpelekea mama. Benjamini alichungulia kwenye kamera. "Sogea nyuma, mtani. Pua bado ni ile ile."

"Ni ile ile," Bakili alisema. "Na penseli yako iweke mbali. Mama anataka mwanawe."

Akakaa vizuri kwenye kiti. Akavuta pumzi ndefu kwa matundu yote mawili. Ghafla akaruka, akakimbilia mlangoni kabla picha haijapigwa.

"Kuruthumu!" alipiga kelele kuvuka mtaa. "Vitumbua vinaungua!"

Na kweli vilikuwa vinaungua.