Nyuzi Zilizokatika Siku ya Ziara

Tangu mama yake azikwe, kila siku Kasuku aliamka, akaoga, akanywa chai na kuitikia "Ndiyo, baba" kila alipoulizwa kama amelala vizuri. Jina la Kasuku alipewa na wenzake kwa kupenda kuongea darasani. Sasa hata neno moja lilimtoka kwa taabu. Asubuhi ya ziara ya shule baba alimfunga kamba za viatu, naye akatulia tu, afungwe.

Kwenye magofu ya mji wa kale, kituo chao cha kwanza, wenzake walichungulia kisima kikavu wakipiga kelele ili wasikie mwangwi. Kasuku alichungulia pia. Moyo wake ulikuwa kama jino lililochomwa sindano ya ganzi.

Katika kijiji cha wafumaji, mama mmoja aliwaonyesha kitambaa kilichokaribia kumalizika. Watoto wakasongamana. Mkoba wa Kasuku ukanasa kwenye nyuzi, na alipogeuka, zikakatika. Alizitazama zikining'inia, kisha akaenda zake.

"Nani kafanya hivi?" mfumaji akauliza.

Macho yote yakamgeukia Kiberiti, mtundu wa darasa.

"Jamani, mimi tena? Mvua isiponyesha, mtasema nimeificha mimi!"

Hakuna aliyecheka. Walipovuka barabara kwenda kuona kanisa la kale lililojengwa na wakoloni, mwalimu alimwamuru Kiberiti abaki nje, ngazini.

Ndani kulikuwa na baridi. Kupitia mlangoni Kasuku alimwona Kiberiti akijifuta macho kwa shati. Alijua jambo hilo lingepaswa kumuuma. Halikumuuma. Hata hivyo alimwendea mwalimu.

"Mwalimu, ni mimi niliyekata nyuzi. Niliona, nikanyamaza. Tangu mama afe sihisi kitu. Hata sasa."

Mwalimu alimshika mkono. Wakatoka nje, na wote wawili wakamwomba Kiberiti radhi. Kisha wakarudi kwa mfumaji.

Yule mama hakufoka. Alimkalisha Kasuku kando yake, akampa ncha za nyuzi azikaze huku yeye akiunga. Uzi mmoja ukamchana kidole.

"Inauma," Kasuku alisema, na ghafla machozi yakamtiririka. Alilia mpaka bega la mfumaji likalowa.

"Lia, mwanangu," mwalimu akasema. "Umesema kweli ingawa moyo wako ulikuwa na ganzi, na umefanya vyema. Mtu hutenda haki hata siku asiyohisi kitu. Lakini huzuni usiifungie ndani peke yako. Leo jioni mwambie baba."

Kasuku alivuta kamasi.

"Haya, nishikie huu mwekundu," mfumaji akasema. "Bado tunayo kazi."