Senti ya Kiunoni

Mkasa huu ulimfika rafiki yangu Lambert, mtunza bustani wa Stanleyville, zamani za Wabelgiji. Bustani yenyewe Wazungu waliipanda juu ya makaburi yetu, na mtu mweusi hakuingia humo ila na jembe mkononi.

Alasiri moja mawingu yalitanda hadi kukawa giza. Patron wake, bwana Mzungu aliyemwajiri, akampa mashini ya kutafutia sarafu za kale. "Ikilia, chimba," akasema, akajikalia garini.

Ikalia penye maua. Lambert akachimba, akatoa senti yenye tundu, ingali kwenye uzi wake. Fundo la uzi ule alilijua. Mkewe Berthe ndiye aliyelifunga kiunoni mwa mtoto wao alipoanza kutambaa, na siku ya kumzika akakataa katakata lifunguliwe.

Lambert akairudisha senti, akaifukia kwa viganja. Mashini haikunyamaza.

"Lambert, zima ile kelele!"

"Nimeshaizima, patron. Betri iko mu mukono yangu."

Mvua ikaanza. Mashini iliendelea kulia pale nyasini, ikikatika kidogo, kama mtoto anayevuta pumzi, kisha ikilia tena.