Kitabu cha Sevisi cha Muuguzi Milembe

Mwizi aliyevunja nyumba ya Milembe hakutaka televisheni. Hakugusa mtungi wa gesi uliojaa, wala simu ya akiba iliyokuwa ikichajiwa mezani. Aling'oa kufuli kwa nondo Jumanne saa nne asubuhi, akapekua droo moja baada ya nyingine, akachukua kitabu kidogo cha sevisi ya gari, akaondoka.

Inspekta Wilhelmina Mboje alisimama katikati ya sebule akizitazama droo zilizoachwa wazi. Kwa miaka kumi na saba ya upelelezi alikuwa amekamata wezi wa kila namna. Mwizi wa kitabu, huyu alikuwa wa kwanza.

"Una hakika hakuna kingine kilichochukuliwa?"

"Nina hakika, afande. Nimehesabu mpaka vijiko."

Milembe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi hapo Bariadi. Miezi mitatu nyuma alinunua gari dogo jeupe kwenye yadi ya Deogratias, kando ya barabara ya Lamadi. Deogratias alimwapia kwamba gari lilikuwa na mmiliki mmoja tu, mwalimu mkuu mstaafu aliyelitumia kwenda kanisani na sokoni. Lilikuwa limetembea kilomita elfu sabini na nne. Kitabu cha sevisi kilipotea, alisema, lakini injini yenyewe ndiyo kitabu.

"Wiki iliyopita nilipata pancha," Milembe alieleza. "Nikainua zulia la buti nitoe spea. Kitabu kilikuwa kimelala chini yake."

"Ukamwambia nani?"

"Deogratias. Halafu nikampigia yule mwalimu, namba yake ilikuwa kwenye jalada la kitabu. Nilitaka kujua mbona kuna kurasa hazipo. Kutoka ukurasa wa sita unaingia wa tisa."

"Watu wawili tu?"

"Na kaka yangu. Ni fundi, yuko Dodoma. Yeye ndiye aliyeniambia nipige picha kila ukurasa."

Mboje akamtazama kwa muda. Alikuwa na desturi ya kumshuku kwanza hata mlalamikaji. "Nionyeshe hizo picha."

Mwandiko ulisomeka vizuri. Mara ya mwisho gari kufanyiwa sevisi, mwaka 2023, fundi aliandika kilomita laki moja na elfu thelathini na moja. Mboje akatoka nje, akawasha gari, akatazama dashibodi. Sabini na sita elfu.

"Mita imerudishwa nyuma," alimwambia msaidizi wake, Koplo Josia. "Kitabu hicho ni ushahidi dhidi ya muuzaji."

"Basi kesi imekwisha, afande."

"Labda."

Jirani, Mama Martha, alikuwa amemwona mgeni. Mzee mmoja msafi, koti la kijivu, kibeti cha ngozi kwapani. Alipita pale akamsalimu kwa Kisukuma, kwa adabu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akasema yeye ni baba mdogo wa Milembe.

"Hukusikia kufuli likivunjwa?"

"Nilikuwa natwanga, mwanangu. Na mtu anayesalimu vile, nimshuku kwa lipi?"

Deogratias aliwapokea yadini kwa tabasamu pana. Tabasamu lilipungua alipoona vitambulisho.

"Mita ya gari la muuguzi nani aliirudisha nyuma?"

"Afande, magari yanakuja hapa yalivyo..."

"Sijakuuliza yanavyokuja."

Deogratias akajifuta jasho shingoni. "Mimi," alisema hatimaye. "Kila mteja anataka gari la kilomita chache. Ukisema kweli, anakwenda yadi ya pili."

"Na kitabu?"

"Nilikuwa nimekishika siku mteja alipotokea ghafla. Nikakisukuma chini ya spea. Nikasahau."

"Muuguzi alipokipata, ukatuma mzee akakichukue."

"Hapana!" Akachomoa simu mfukoni. "Tazama mwenyewe. Siku ileile alinitumia picha za kurasa zote, na matusi juu yake. Ushahidi anao kwenye simu. Mimi kitabu nikiibe cha nini?"

Mboje akaisoma ile simu mara mbili. Mtu huyu alikuwa mwongo, lakini hoja yake ilikuwa nzima. Tena siku ya wizi alikuwa Mwanza kuchukua gari jingine, na risiti ya mafuta aliyoitoa ilionyesha tarehe na saa. Josia alipiga simu kwenye kituo hicho cha mafuta, wakamkumbuka.

"Kwa hiyo mwizi hakujua kwamba kuna picha," Mboje alisema wakirudi kwenye gari la polisi. "Nani alipigiwa tu, bila kutumiwa chochote?"

"Mwalimu," Josia alijibu. "Lakini mwalimu hana kosa la mita."

"Ndiyo maana nataka kujua anaogopa nini."

Akarudi kwenye picha. Ukurasa wa tisa ulikuwa na sevisi ya kawaida, oili na filta, tarehe 16 Agosti 2021. Muhuri ulisomeka: Kasmiri Ufundi wa Magari, Nyalikungu, Maswa.

Kasmiri walimkuta Nyalikungu, amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alitoka akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Mboje akampa simu aitazame picha.

"Muhuri ni wangu," alikubali.

"Ulianza kazi hapa lini?"

"Elfu mbili ishirini na tatu. Kabla ya hapo nilikuwa Lamadi, miaka minane..."

"Endelea. Mwaka 2021 ulikuwa Lamadi, ila ukagonga muhuri wa Nyalikungu."

Kasmiri akaketi juu ya tairi. "Mwalimu Marcelo alinifuata akitaka kuliuza gari. Alisema ukurasa wa zamani umelowa maji. Akaniomba nimwandikie upya kwenye ukurasa uliokuwa mtupu, niseme ilikuwa sevisi ya kawaida. Ni mtu mzima, anaheshimika. Nikaandika."

"Na kweli ilikuwa sevisi gani?"

Fundi aliingia kibandani akatoka na rundo la madaftari ya shule yaliyofungwa kwa mpira. Kazi zake zote aliziandika humo, alisema, kwa sababu wateja hukana. Akafunua, akasoma kwa kidole: "Tarehe kumi na sita, mwezi wa nane. Taa ya mbele kushoto kubadilisha. Boneti kunyoosha. Kioo cha mbele kubadilisha."

"Aligonga nini?"

"Alisema ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

Mboje hakuhitaji jibu. Alizaliwa na kukulia huku. Ng'ombe akigongwa barabarani, mwenyewe hufika kabla vumbi halijatulia, na nusu ya kijiji nyuma yake, na shauri huishia kituoni. Akampigia mkuu wa kituo cha Lamadi amsomee kitabu cha taarifa cha Agosti 2021.

Hakukuwa na ng'ombe. Kulikuwa na mtu.

Jalada walilolikuta kituoni Lamadi lilikuwa jembamba. Mwandu, mfugaji wa miaka arobaini na moja, alikutwa amekufa asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Agosti, hatua kumi kutoka barabarani, katika shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Ripoti ya daktari ilisema alivunjika nyonga na mbavu, akavuja damu ndani kwa ndani, akafa saa kadhaa baada ya kugongwa. Angewahishwa hospitali, huenda angepona.

Kilichoharibu upelelezi ni jinsi alivyokutwa. Alikuwa amelazwa chali, miguu imenyooshwa, shuka yake mwenyewe imemfunika hadi mabegani. Ndugu zake walisema gari haliburuti mtu kisha likamfunika shuka. Huu ni mkono wa mtu. Wakamkumbuka bibi Kabula, jirani waliyegombana naye juu ya malisho. Wakamwita mchawi, wakaichoma nyumba yake. Bibi akakimbilia kwa binti yake mjini Bariadi. Jalada likalala.

Mboje akaitazama tena picha ya maiti.

"Hadi mabegani," alisema. "Josia, ukikuta maiti unaifunika wapi?"

"Uso, afande."

"Huyu hakufunikwa uso. Aliyemfunika alijua bado yu hai."

Katika chumba cha vielelezo walitoa mfuko wa vipande vya taa vilivyookotwa kwenye lami. Kimoja kilikuwa na namba za kiwandani na herufi ya upande wa kushoto. Wakarudi nacho Bariadi, Josia akafungua boneti ya gari la Milembe. Taa ya kulia, ya asili, ilikuwa na namba zilezile na herufi ya upande wa kulia. Taa ya kushoto ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa.

Mwalimu Marcelo aliishi Zagayu, katika nyumba ya bati jekundu yenye ua uliofagiliwa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Aliwakaribisha viti, akaagiza maji. Hakuuliza wamefuata nini, na hilo Mboje alilitia akilini.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi, mwalimu?"

"Hapa hapa."

"Bariadi hukufika?"

"Sijafika mwezi mzima."

Lakini kwenye gwaride la utambuzi Mama Martha alipita mbele ya wazee tisa, akasimama mbele ya Marcelo bila kusita. "Baba mdogo," alisema kwa uchungu. Na alama za vidole kwenye droo zilikuwa zake.

Katika chumba cha mahojiano Mboje alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa. Kisha akapanga vitu mezani bila haraka. Picha ya ukurasa wa tisa. Daftari la Kasmiri. Kipande cha taa. Picha ya Mwandu akaiweka mwisho.

"Ng'ombe huyu alikuwa wa nani, mwalimu?"

Marcelo akavua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi.

"Kitabu nimekichoma," alisema. "Yule binti aliponipigia kuuliza kurasa, sikulala tena. Sikujua kama kuna picha."

"Anza na ile Ijumaa."

"Binti yangu alikuwa anaolewa kesho yake. Nilikwenda Lamadi kuchukua samaki wa sherehe, ndoo sita. Nikirudi, jua linazama, wapishi wakanipigia kuuliza nimefika wapi. Nikapokea huku naendesha. Sikumwona mpaka alipokuwa juu ya boneti."

"Ukasimama."

"Nilisimama. Nikamtoa barabarani, gari jingine lisije likamkanyaga."

"Ukamfunika."

"Alisema anasikia baridi."

Josia akaacha kuandika. Mboje akamwashiria aendelee.

"Kwa hiyo alizungumza nawe."

"Kwa Kisukuma. Aliniambia baba, nasikia baridi. Nikamwambia naleta msaada." Mwalimu akaufunika uso kwa viganja. "Nilikusudia kweli. Nikaingia kwenye gari nikafikiri, nikimpeleka hospitali wataita polisi. Watanishikilia. Kesho nani atamshika mwanangu mkono kanisani? Wageni mia tatu, mchungaji kaalikwa kutoka Mwanza. Nikasema nipite nyumbani kwanza nishushe samaki."

"Ukarudi?"

"Nyumbani walikuwa wanaimba. Wakanivuta ndani."

"Nakuuliza, ulirudi?"

"Hapana."

"Ulikuwa na simu mkononi, mwalimu. Ungepiga hata bila kutaja jina."

Mwalimu akavaa miwani yake tena.

"Bibi Kabula ulisikia habari zake?"

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza miaka minne?"

"Niliwaombea wote wawili," alisema Marcelo kwa sauti ndogo.

Alisoma maelezo yake mstari kwa mstari, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Akashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, na kwa kuvunja nyumba na kuiba. Kasmiri na Deogratias nao wakafunguliwa mashtaka, mmoja kwa kughushi, mwingine kwa udanganyifu. Gari jeupe likabaki kituoni kuwa kielelezo, na Milembe akarudi kwenda zamu kwa bodaboda.

Kesho yake Mboje alikwenda mwenyewe kwa binti wa Kabula. Bibi alikuwa barazani akipepeta mtama. Mboje akapiga goti kumwamkia, akaketi kwenye kigoda, akamweleza yote kuanzia kitabu mpaka shuka. Bibi alipepeta polepole, kisha akauweka ungo chini.

"Alisema anasikia baridi?"

"Ndiyo, mayu."

"Maskini Mwandu. Nilimwona akizaliwa." Akapangusa pumba mikononi. "Umemkamata mwalimu. Umefanya vizuri. Lakini mwalimu hakuichoma nyumba yangu. Ilichomwa saa sita mchana, na watu ninaowajua kwa majina na majina ya baba zao. Nao utawakamata?"

Mboje hakuwa amekuja kwa hilo. Hata jalada la kuchomwa kwa nyumba hiyo halikuwahi kufunguliwa. Akafungua begi, akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akaiweka juu ya goti.

"Nitajie wa kwanza," akasema.