Kimeo Hakina Kosa

Vedasto na mkewe, Mektilda, wanalima tumbaku katika kijiji kimoja karibu na Usinge. Wanaishi na mama yake Vedasto, Bibi Bernadeta. Kila mwaka, mvua zikiwa nyingi, wanavuna majani na kuyakausha kwenye bani. Bani ni kibanda kirefu cha matofali, na moto wake huwaka siku nyingi bila kuzimwa. Moshi hujaa uani. Huingia hadi ndani, ukakaa kwenye nguo na kwenye blanketi.

Msimu mmoja Mektilda alikuwa akifunga majani kwenye fito, mwanawe Egidi akiwa mgongoni. Egidi alikuwa na miezi minne. Alikuwa mtoto wao wa pili.

Wa kwanza aliitwa Stela. Alifariki miaka miwili kabla ya hapo, akiwa na miezi mitatu. Alishikwa na kikohozi, akawa anahema haraka haraka. Bibi Bernadeta akasema ni kimeo, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Alisema kimekuwa kirefu, kinamkwaruza mtoto koo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Akambeba Stela kwa mzee Ngollo, mkata vimeo. Stela alirudi akiwa na damu kwenye shuka. Hakunyonya tena. Siku ya tatu walimzika.

Tangu hapo watu waliacha kumwita Mektilda "Mama Stela". Nyumbani hakuna aliyezungumza habari ile.

Egidi alianza na mafua tu. Kabla yake, baba yake ndiye aliyekuwa na mafua. Vedasto alikuwa akitoka kwenye bani, anapangusa pua kwa kiganja, kisha anampokea mtoto na kumbusu. Siku ya tatu kikohozi kikaanza. Bibi Bernadeta akamlambisha mtoto asali kwa ncha ya kidole. Siku ya nne asubuhi, Egidi alishika titi akaliachia. Akashika tena, akaliachia. Kifuani mwake mlisikika sauti kama filimbi ya mbali.

Vedasto alisimama mlangoni akimtazama.

"Nakwenda kumwita mzee Ngollo," alisema.

Mektilda alimvuta mtoto karibu zaidi.

"Usiende," alisema Bibi Bernadeta.

"Mayu, mama yangu, si wewe uliyetuambia kikohozi ni kimeo?"

"Niliwaambia. Sasa nasema usiende. Nisubirini."

Alivaa kandambili, akatoka kwenye mvua bila kujifunika kichwa. Alirudi na jirani yao Advera, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Poleni," alisema Advera. Alinawa mikono kwanza. "Mfunue nguo, tuone kifua."

Alitazama saa ya simu yake. Kwa dakika nzima alihesabu jinsi kifua cha mtoto kilivyopanda na kushuka.

"Pumzi sitini na nane," alisema. "Mtoto wa umri huu akifika hamsini kwa dakika, anahema kwa haraka mno. Na tazameni hapa chini ya mbavu. Akivuta hewa, panabonyea ndani. Tena hawezi kunyonya. Huyu si wa kukaa nyumbani."

"Acha mvua ipungue kwanza," alisema Vedasto.

"Baba Egidi, mtoto hawezi kuisubiri mvua. Ita bodaboda."

Njia nzima Mektilda aliweka kidole karibu na pua ya mwanawe, ahisi kama bado anapumua.

Kwenye kituo cha afya Mektilda, Vedasto na bibi walipokelewa na daktari aliyeitwa Emilian. Muuguzi alimdondoshea Egidi maji ya chumvi puani, akamvuta makamasi. Akamwekea oksijeni. Kwa kuwa mtoto hakuweza kunyonya, walimpitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni. Mektilda alifundishwa kukamua maziwa yake, nayo yakapitishwa humo kidogo kidogo.

"Anaumwa nini, daktari?" aliuliza.

"Ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Kwa mtu mzima huleta mafua tu. Kwa mtoto mchanga vinaweza kushuka mpaka kwenye mirija midogo ya hewa. Mirija inavimba, inajaa makamasi, hewa inapita kwa shida. Kuna mtu nyumbani alikuwa na mafua?"

Vedasto alitazama viganja vyake. "Mimi," alisema.

"Hukujua. Virusi husafiri kwa chafya, kwa kikohozi na kwa mikono. Na moshi? Nguo zenu zinanukia moshi."

"Tunakausha tumbaku."

"Moshi unaumiza mapafu ya mtoto. Ugonjwa ukija, unamkuta tayari amechoka."

"Mchome sindano basi, daktari," alisema Vedasto.

"Hakuna sindano ya kuviua virusi hivi. Antibayotiki zinaua bakteria, haziui virusi. Tukiona dalili za bakteria tutampa. Kwa sasa tunamsaidia apumue na apate maziwa, ili mwili wake upigane. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka msimpe asali. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotengeneza sumu tumboni mwake."

Siku ya pili pale kituoni Egidi alizidiwa. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto aliyeletwa kutoka ng'ambo ya msitu. Alifika amechelewa, midomo imekuwa ya bluu. Alasiri akafariki. Mama yake alimfunga kwenye kitenge, akatoka naye bila kulia. Mektilda aligeuza uso ukutani.

Daktari Emilian alipopita, Bibi Bernadeta alisimama.

"Daktari, kimeo kinaleta kikohozi?"

"Hapana, bibi. Kila mtu ana kimeo. Hakina kosa. Kukikata kunaleta damu na kidonda. Mtoto anashindwa kunyonya wakati anapohitaji maziwa kuliko siku zote."

"Kwa hiyo mjukuu wangu wa kwanza..."

Daktari alimtazama. "Sikumwona, bibi. Siwezi kusema kwa hakika kilichomuua. Ila kisu hakikumsaidia."

Bibi alikaa tena.

"Mama Stela," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu msiba. "Mimi ndiye niliyemshika miguu alipokatwa. Alikuwa ananitazama."

Mektilda alikuwa akikamua maziwa. Mkono wake ulisimama.

"Na mimi ndiye niliyekupa umbebe, mama," alisema.

Baadaye bibi alimshikia kikombe, naye akaendelea kukamua.

Siku ya nne Egidi alishika titi na hakuliachia. Siku ya sita waliruhusiwa.

"Kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili, hata tatu," alisema Daktari Emilian. "Msiogope. Lakini mkiona nini mtarudi haraka?"

Vedasto alihesabu kwa vidole. "Akihema haraka. Kifua kikibonyea. Akishindwa kunyonya. Midomo ikiwa ya bluu. Akilala sana, tukimwamsha asiamke."

"Msisubiri zote. Moja inatosha."

Nyumbani Vedasto aliweka ndoo yenye bomba na sabuni karibu na mlango. Hakuna aliyemgusa mtoto kabla ya kunawa. Egidi hakupelekwa tena karibu na bani wala jikoni, bali alibaki na bibi upande usiofikiwa na moshi. Chakula chake kilikuwa maziwa ya mama tu, na chanjo zake hazikupita tarehe. Vedasto aliposhikwa na mafua tena, wiki nzima alimtazama mwanawe akiwa mlangoni.

Siku moja asubuhi Bibi Bernadeta alikwenda kwa mzee Ngollo.

"Nimekuja kwa habari ya Stela," alisema.

"Pole. Mungu alimpenda zaidi."

"Usimsingizie Mungu. Tulimkata mimi na wewe."

"Bernadeta, nimekata wengi, wakapona."

"Kikohozi cha watoto wengi hupona chenyewe, Ngollo. Wale walipona mafua, na juu yake wakapona kidonda chako. Wangu hakupona."

Kwenye benchi la Ngollo alikaa mama kijana, mtoto wake amefunikwa kanga. Bibi alikaa kando yake.

"Mwanangu, mfunue tumwone kifua."

Yule mama alimtazama Ngollo. Ngollo akainamisha macho. Yule mama akaifungua kanga. Chini ya mbavu, kila pumzi, palikuwa panabonyea.

"Twende kituoni," alisema bibi. "Nitakusindikiza."

Mtoto yule aliwekewa oksijeni kabla ya saa sita mchana. Bibi Bernadeta alikaa naye siku tatu. Alirudi nyumbani baada ya kumwona akinyonya.